Radi, Domodomo na Neno Huenda

Katika siku za giza, mwezi unapokuwa haujachomoza, mtu aliyesimama juu ya majabali ya Mwanza huliona ziwa limejaa taa kana kwamba mji mwingine umejengwa majini. Hao ni wavuvi wa dagaa. Hutoka jioni katika mialo kama Igombe, zamani kwa karabai, siku hizi wengi kwa taa za betri na za nguvu ya jua, hukesha juu ya maji na hurudi kunapopambazuka. Aghalabu, katika miezi ya mvua, kabla ya mapambazuko hayo upeo wa maji huanza kumulika kwa mwanga mwingine usio wa taa.

Ziwa Victoria lina tabia inayokwenda kinyume na bara linalolizunguka. Nchi kavu ngurumo hushamiri alasiri, jua likiisha kuichoma ardhi. Ziwani hushamiri usiku wa manane hadi asubuhi. Sababu yake inajulikana. Usiku ardhi hupoa upesi kuliko maji, pepo za nchi kavu hutoka pande zote za ufuo na kukutana katikati ya ziwa, na hewa iliyojaa unyevu, ikikosa pa kwenda, hupanda juu na kuzaa mawingu. Mwaka 2016 Wim Thiery na wenzake walionyesha, katika jarida la Nature Communications, kwamba dhoruba hizo za usiku zitazidi ukali kadiri dunia inavyopata joto. Makadirio yanayotajwa sana husema kwamba ziwa hili huua watu 3,000 hadi 5,000 kila mwaka. Yako makadirio mengine yaliyo chini ya hapo, na wengi wa marehemu hao huzamishwa na upepo na mawimbi, wala si kwa kupigwa na radi yenyewe. Hata hivyo upepo na radi ni watoto wa wingu moja.

Kila radi ina sauti mbili. Ya kwanza ni ngurumo, ambayo sikio huipoteza baada ya kilomita chache. Ya pili haisikiki kabisa. Umeme unapopita kati ya wingu na ardhi hutikisa mawimbi ya sumaku-umeme, na yale ya marudio ya chini, yenye mitikisiko michache kwa sekunde, hayafi upesi. Husafiri baina ya ardhi na tabaka la ionosfia lililo juu ya hewa, kama sauti inavyosafiri baina ya sakafu na dari ya ukumbi, mpaka huizunguka dunia nzima. Mwanga huweza kuizunguka dunia mara saba na nusu hivi kwa sekunde moja. Basi si ajabu kwamba ukumbi huo una mvumo wake wenyewe, ulio karibu na hesabu hiyo. Winfried Otto Schumann, mwanafizikia wa Munich, aliutabiri mwaka 1952, na mwaka 1960 Balser na Wagner wa Marekani wakaupima. Mvumo wa kwanza ni wa mitikisiko 7.83 kwa sekunde. Juu yake ipo mingine, kama 14, kama 20, na kuendelea.

Anayeupiga mvumo huo ni radi. Duniani kote humulika radi takriban 45 kila sekunde, mchana na usiku, na sehemu tatu ndizo zinazoongoza: Asia ya kusini mashariki, Afrika ya kati, na bara la Amerika. Vyombo vya kupimia vilivyowekwa hata katika nchi za baridi huonyesha mvumo ukipanda kila sehemu mojawapo inapofika alasiri yake. Zamu ya Afrika hufika jioni kwa saa za Mwanza, na usiku, bara linaponyamaza, ziwa huendelea peke yake. Mvuvi wa Igombe, basi, huketi chini ya ngoma mojawapo inayoitikisa dunia, wala haisikii.

Hapo ndipo maswali mawili huzaliwa. La kwanza ni la elimu ya maumbile: je, mvumo huu unakigusa kiumbe hai? La pili ni la maadili, nalo limezungumzwa kidogo mno: mtu ana haki gani ya kusema “huenda” juu ya nguvu isiyoonekana, na akishasema, anawiwa nini na wanaomsikiliza?

Kiswahili ni lugha tajiri wa maneno ya shaka, na wapenzi wa ushairi wanajua kwamba kila moja lina uzito wake. Huenda limetokana na kwenda: jambo liko njiani, halijafika. Pengine huelekeza jicho mahali pengine. Yumkini na asaa yamevuka bahari kutoka Uarabuni, na hilo la pili lina tumaini ndani yake, ndiyo maana hufaa zaidi katika dua na katika kumngojea kipenzi. La ajabu kuliko yote ni labda. Asili yake ni la budda, yaani “hapana budi”, “lazima”. Lilipofika pwani hii yakini yake ikageuka shaka, ilhali ndugu yake, budi, akabaki na maana ya kwao mpaka leo. Neno moja limezaa watoto wawili wasiofanana. Katika habari za nguvu zisizoonekana safari hiyo hufanywa kinyumenyume: msemaji huanza na huenda, na kabla hajafika mwisho wa kauli yake amekwisha kuwa mtu wa lazima.

Ni haki kuanza na wale ambao kwao huenda imethibitika. Katika maji ya Mwanza yupo samaki aitwaye domodomo, mwenye mdomo mrefu uliopinda kama mkonga mdogo. Ni wa ukoo uleule wa samaki wa Naili aliyetukuzwa na Wamisri wa kale, hata mji mzima, Oxyrhynchus, ukaitwa na Wagiriki kwa jina lake. Domodomo hutoa mapigo madogo ya umeme kutoka kwenye kiungo kilicho karibu na mkia, na kwa ngozi yake husikia jinsi mapigo hayo yanavyopindwa na jiwe, mzizi au samaki mwenziwe. Kwa njia hiyo huenenda usiku katika maji machafu pasipo haja ya macho. Jambo hili halikujulikana mpaka karne iliyopita. Hans Lissmann, aliyefanya kazi Cambridge, ndiye aliyechapisha mwaka 1951 habari za samaki mwingine wa Afrika, Gymnarchus, anayetoa umeme hafifu mfululizo. Hadi hapo viungo vya umeme vya samaki kama hao vilikuwa kitendawili, kwani havina nguvu ya kuua wala ya kutisha.

Pamoja na kusikia mapigo yake mwenyewe, domodomo ana vitundu vingine katika ngozi vinavyosikia umeme wa marudio ya chini utokao nje. Vitundu vya namna hiyo anavyo pia kambale, anavyo pia kamongo, yule anayejizika katika tope kiangazi kinapokuja. Sangara hana. Sato hana, wala dagaa. Mtumbwi ukirudi asubuhi na samaki wa kila aina, baadhi yao waliisikia dhoruba ya usiku kwa njia ambayo aliyewavua hakuisikia. Wala hilo si neno la kishairi tu: mwaka 1973 Carl Hopkins alichapisha katika Nature utafiti juu ya samaki wa umeme, akaonyesha kwamba radi kwao ni kelele inayoingilia mazungumzo, kama mvua ya mabati inavyowaingilia watu wanaoongea chini yake.

Msomaji na aangalie lakini ni radi ipi inayosikika hivyo. Ni ile iliyo karibu, au si mbali sana, yenye nguvu ya kutosha kupenya majini. Mvumo wa dunia nzima ni jambo jingine, na udhaifu wake hauna budi kutajwa kwa tarakimu. Kwa upande wa sumaku unakaribia sehemu moja ya milioni thelathini ya sumaku ya dunia yenyewe katika eneo la ziwa. Kwa upande wa umeme ni kama milivolti moja kwa mita, ilhali hewa tulivu ya siku isiyo na wingu huwa na volti 100 kwa mita, na hakuna anayeihisi. Ni kweli kwamba kitu kinachotikisika hakilingani sawasawa na kilichotulia, na sikio lililoumbwa kwa ajili ya mtikisiko huweza kunasa kidogo sana. Lakini ni lazima sikio liwepo. Domodomo anavyo vitundu. Vinaweza kukatwa, kutazamwa kwa hadubini, kuunganishwa na waya na kupimwa. Kwa binadamu kiungo kama hicho hakijaonekana.

Kutokuonekana hakumalizi mjadala, na wanaokana kila kitu nao wana deni lao. Mwaka 1917, Marekani, Parker na Van Heusen walimfunika kambale macho, wakampelekea fimbo ya kioo, asijali, wakampelekea fimbo ya chuma, akastuka kabla haijamgusa. Ilichukua miongo mingi ndipo kiungo kilichohusika kikaeleweka. Mwaka 2018, huko Bristol, Erica Morley na Daniel Robert walionyesha kwamba buibui wadogo wanaoruka angani kwa uzi wao husukumwa kupaa na umeme wa hewa, hata pale upepo ulipozuiwa. Ambaye angeyakataa hayo yote kwa kusema tu kwamba umeme wa hewa ni mdogo, angekuwa amekosea. Mkanaji huwa hana gharama anapokana, na kwa sababu hiyo hukana ovyo.

Basi binadamu? Hans Berger, daktari wa Ujerumani, alichapisha mwaka 1929 habari za mawimbi ya umeme ya ubongo, na yale ya mtu aliyefumba macho na kutulia hupiga baina ya mara 8 na 13 kwa sekunde. Schumann na mwanafunzi wake Herbert König walipoona mvumo wa dunia uko jirani na hapo, wazo lilijileta lenyewe, na ni wazo zuri. Je, ubongo haukulelewa na radi, kama mtoto alelewavyo na wimbo wa mama? Mtunzi yeyote angelitamani. Uzuri wake ndio unaolifanya liwe la kuchungwa, kwa kuwa wazo zuri huombewa na wengi lisikanushwe. Mbili hadi arubaini ni namba chache. Mambo mengi duniani hutikisika humo, na kukutana kwao si udugu.

Jaribio lililofanywa kwa uangalifu zaidi ni la Rütger Wever katika handaki la Andechs, karibu na Munich, miaka ya 1960. Watu walikaa humo kwa wiki kadhaa pasipo saa wala jua, wengine katika chumba kilichozingirwa chuma ili mvumo usiingie, wengine katika chumba cha kawaida. Waliozingirwa chuma siku yao ya mwilini ilirefuka kidogo kuliko ya wenzao. Wever alipowasha umeme wa bandia wenye mitikisiko 10 kwa sekunde, tofauti ikarudi nyuma. Habari hii husimuliwa kila mahali. Kinachoachwa mara nyingi ni kwamba umeme wa Wever ulikuwa wa volti 2.5 kwa mita, yaani zaidi ya mara elfu mbili ya mvumo wa asili. Aliyeona kwamba mtu huamshwa kwa kelele ya sokoni hajathibitisha kwamba huamshwa na mnong'ono wa mtaa wa saba. Wever alitia huenda mahali pake. Waliomfuata wakaitoa, na leo huuzwa vifaa vidogo vinavyodaiwa kupiga mvumo wa 7.83 kando ya kitanda ili mnunuzi alale vizuri, apone maumivu, arudiane na ardhi.

Atauliza mtu: kuna ubaya gani? Kifaa hakimdhuru mtu, na aliyelala vizuri amelala. Swali hili huwa jepesi likiulizwa London. Katika ufuo wa Mwanza lina uzito mwingine, kwani Kanda ya Ziwa imekwisha kulipa bei ya huenda isiyowajibika. Kwa miaka mingi wanawake vikongwe wa Usukuma wameuawa kwa tuhuma ya uchawi, na alama mojawapo iliyowaponza ni macho mekundu, ambayo asili yake ni moshi wa jikoni, wa kuni na samadi, uliowafuka maisha yao yote. Mtoto alikufa, au ng'ombe walikufa. Mpiga ramli akasema huenda ni fulani. Usiku wa pili mapanga yakaja. Tangu miaka ya 2006 na 2007 likazuka jingine: watu wenye ualbino wakauawa na kukatwa viungo, kwa maneno yaliyouzwa kwamba viungo hivyo vina nguvu isiyoonekana ya kuvuta dhahabu na samaki. Iliripotiwa kwamba nywele zao zilisukwa katika nyavu. Januari 2015 serikali ilipiga marufuku shughuli za wapiga ramli, dalili kwamba ilijua mto ule unatoka kwenye chemchemi gani.

Haitakuwa insafu kumlinganisha muuza kifaa cha usingizi na mpiga ramli wa mauti, na hapa hawalinganishwi kwa dhambi. Wanalinganishwa kwa umbo la kauli. Wote wawili husema juu ya nguvu ambayo wao peke yao huisikia. Wote wawili hawatoi sharti ambalo likitimia watakubali wamekosea: mteja asipopata usingizi, hakukitumia vyema, mvuvi asipopata samaki, dawa iliharibiwa na mwingine. Tena wote wawili hulipwa kabla ya matokeo. Jamii iliyozoea kuipokea kauli ya umbo hilo inapokuwa tamu haiwi na zana ya kuikataa inapokuwa chungu. Kila radi inayoua huamsha kauli hiyohiyo. Oktoba 2018 wanafunzi sita walipoteza maisha kwa radi katika shule moja ya Geita, ng'ambo ya ghuba. Msiba wa namna hiyo, katika nchi ambako radi husemwa kuwa “imetumwa”, humtafuta mtumaji, na anayetafutwa huwa na jina na nyumba.

Yupo mdudu mmoja wa ziwani anayefaa kukumbukwa hapa. Povilla adusta huishi majini katika utoto wake, kisha hutoka kwa makundi usiku mmoja, huruka, hutaga na kufa. Ambaye angekuwa amekwisha kuamini mvumo wa radi angeweza kumtaja kama shahidi: nini kingine kinachowaita maelfu kwa wakati mmoja kutoka gizani mwa maji? Lakini mwaka 1955 Hartland-Rowe alichapisha kwamba katika Ziwa Victoria kilele cha kutoka kwao ni siku ya pili baada ya mwezi mpevu. Alihesabu usiku kwa usiku, mwezi kwa mwezi. Kama hesabu ingekataa, mwezi ungeachwa. Huenda yake ilikuwa imekwisha kuwekewa mlango wa kutokea.

Na mvumo wenyewe, au tuseme sauti zile za radi zilizo na marudio ya juu sana kuliko huo, una athari moja juu ya walio hai ambayo haina ubishi. Vipokezi vichache vilivyotapakaa duniani huzikamata sauti hizo, na kwa kulinganisha nyakati za kufika huonyesha radi imepiga wapi, hata katikati ya maji yasiyo na mtazamaji. Taarifa za namna hiyo, pamoja na za setilaiti na za rada ya Mwanza, humwezesha mtabiri kuujua mwendo wa dhoruba. Mradi wa HIGHWAY, ulioanza mwaka 2017 chini ya Shirika la Hali ya Hewa Duniani, ulizikutanisha Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda ili kuboresha utabiri kwa ajili ya watu wa ziwa. Sikio ambalo binadamu hakuumbwa nalo amelitengeneza kwa chuma na waya, akaliweka mbali na mwili wake.

Taarifa hufika mwaloni jioni, kwa redio au kwa simu. Nayo hunena kwa neno lilelile: huenda kukawa na ngurumo alfajiri, upepo mkali na mawimbi makubwa. Tofauti ni kwamba kesho asubuhi kila mtu ataweza kusema kama ilikuwa kweli, na aliyeitoa anajua hivyo. Mara nyingine haiwi kweli, na wavuvi hukumbuka. Siku za giza ni chache katika mwezi, mafuta yamekopwa, tajiri mwenye mtumbwi anataka hesabu yake, na maboya ya kuvaa hayatoshi watu wote waliomo. Hapo mchangani, taa zikiwa zimekwisha kuwashwa, mtu mmoja huisoma taarifa mara ya pili, huitia simu ndani ya mfuko wa nailoni na kuufunga fundo. Kaskazini, nyuma ya visiwa, kunamulika. Ngurumo yake haijasikika bado.